Punje Ishirini na Tano

Tulilipa riali kumi na nane
king'amuzi kifunguke mwezi mzima wa mashindano,
na usiku huu hapa Mabela, kiyoyozi kinakohoa maji ndooni,
tumekaa watu saba na sinia la maandazi
kumsubiri msichana mmoja tu:
Yustina wa Mbulu, mita elfu kumi.

Hatumjui. Hata Mbulu hatupajui.
Shangazi Shinuna kazaliwa Wete, kaja huku na sanduku la bati,
na Mbulu kwake ni doa la kahawia kwenye ramani ya skuli.
"Lakini fulana ni ile ile," akasema, "basi mtoto wetu."
Akakaa chini, mbele ya tivi, miguu kainyoosha,
tasbihi mkononi.

Bastola ikalia.
Tukamwona! Nyuma-nyuma, bega la kushoto limeinama
kama la mtu aliyebeba ndoo tangu utotoni.
Mzunguko wa kwanza. Shangazi akavuta punje.
Wa pili. Wa tatu.
Kisha tangazo la gari linalopanda jangwani peke yake,
tangazo la benki, tangazo la udi,
na gari tena, limerudi, wala halikuchoka.

Tuliporudishiwa uwanja tukapewa kurusha tufe.
Baada ya tufe, studio: mabwana wanne,
kanzu zimenyooka kama karatasi,
wanajadili mpira wa juzi, penalti ile,
mmoja kachora mshale mwekundu, mwengine kaufuta.
"Mbio!" Zahran akapiga kelele. "Tuonesheni mbio!"
kana kwamba kioo kina masikio.
Akabadilisha chaneli: upishi. Akabadilisha: upishi.
Ya tatu inadai riali nyengine kumi.
Thureya akampigia mjomba Unguja,
naye yuko gizani, umeme umekatika tangu magharibi,
anatuuliza sisi: "Vipi, anaendeleaje?"

Shangazi hakumjibu mtu.
Macho kayatoa kwenye tivi, kayapeleka juu,
kwenye saa ya ukutani yenye picha ya ngome ya Nizwa,
zawadi ya duka la matairi.
Nilidhani anaangalia isha isimpite. Kumbe anahesabu.
"Sekunde sabini na nane. Ndio mwendo wake,
nimeupima zile raundi tatu."
Na kila mshale ulipofika pake, akavuta punje.
Kumi na moja. Kumi na mbili.
"Hapa pumzi inambana. Hapa wanampita wale warefu.
Waache. Atawapata kwenye kona."
Nani alimfundisha? Hajatuambia kitu miaka yote hii.
Ila pale kwenye zulia niliona vidole vya miguu yake
vikijikunja, vikijikunjua.

Gari. Tufe. Bwana wa mshale mwekundu.
Kumi na tisa.
Watoto nao wameacha kutazama kioo,
wanatazama punje.

Ghafla uwanja ukarudi, na mbio zimekwisha!
Mshindi kajifunga bendera isiyo yetu, analia vizuri,
kamera inamzunguka kama nzi na halwa.
Orodha ikapita, wa kwanza hadi wa nane,
ikafyekwa.
Zahran akanyanyua rimoti azime.
"Wacha," shangazi akasema. "Mtoto bado yuko njiani."

Punje mbili zimebaki.
Tukanyamaza, maandazi yamepoa,
kiyoyozi kinadondosha, saa inakwenda,
na kule nyuma ya mgongo wa mshindi, pembeni kabisa mwa kioo,
kikapita kitu kidogo, bega limeinama.
Huenda yeye. Huenda mfagiaji wa uwanja.

Punje ya mwisho ikagonga wenzake.
Shangazi akashusha pumzi, akajifuta jasho
kwenye baridi ile.
"Kafika," akasema. "Mpeni maji."
Na Thureya, mtu mzima, na digrii yake,
akainuka akaenda jikoni.