Miguu Mitatu

Darajani Tbilisi, juu ya shuka lililotandikwa kwenye theluji,
stendi mbili za kamera zimelala
kama korongo waliokunja miguu.
Moja ya plastiki, nyepesi, inang'aa.
Naigusa kichwa, kinatikisika
kama cha mtu anayekubali asichokielewa.
Lari ishirini na tano.
Rahisi ghali, najiambia.

Ya pili ya mbao, ya wapima ardhi,
skrubu ina kutu, mguu mmoja umefungwa waya.
"Hamsini," asema Nugzari. "Imepima nusu ya Kakheti hii."
Mfukoni nina arubaini na moja,
na hiyo moja ni ya basi.

Simwambii ni ya kumrekodi nani.
Baba hubandika mikate kwenye ukuta wa tanuri,
daktari kamhesabia miezi,
na video zangu zote zinatetemeka.
Si yeye. Ni mimi.

Naiegemea kwa uzito wangu wote.
Haisogei.
Mafiga hayabishani na sufuria.

"Arubaini na moja," nasema.
Nugzari anatazama viatu vyangu,
kisha anaikunja, waya na vyote.

Narudi nyumbani kwa miguu,
mitano.