Nusu Klachi

Gia ya tatu ilikuwa inaruka.
Ndiyo iliyomleta Evodi Pasua asubuhi,
pikipiki anaisukuma, jasho linamshuka shingoni,
na mkungu mmoja wa mshare umefungwa nyuma
kama abiria aliyekataa kushuka.

"Giaboksi tu, fundi. Nimekuja nayo."
Akafungua gunia. Ilitoka Boma Ng'ombe,
kwenye pikipiki iliyokunjwa na Fuso;
mwenyewe yu mzima, anauza matikiti,
hataki tena habari za magurudumu mawili.

Nikayakagua meno kama mnunuzi mnadani.
Mazima.

Lakini giaboksi haina mlango wake.
Ukiitaka, unapiga hodi kwa klachi kwanza.
Tukamwaga oili kwenye beseni: nyeusi,
na ndani yake vumbi linalometameta,
chuma kilichosagwa kikawa unga.
Hatibu akainama, akanusa.
"Fundi, humu kuna kitu kimeungua."

Sahani zikatoka zimegandana
kama kurasa za daftari lililonyeshewa.
Zile za kusugua hazikuwa na cha kusugulia.
Zile za chuma zimeiva moto, zimegeuka rangi,
buluu ile ya shingo ya njiwa.
Springi nne nikazisimamisha juu ya tofali:
moja imedumaa.

"Kibosho unapandaje?"
"Kawaida."
"Kawaida ipi?"
Akakunja vidole viwili hewani,
hakuvifumba, hakuvinyoosha.

Nusu klachi! Toka mjini hadi Umbwe,
kila kona, kila jiwe, kila kuku barabarani,
vidole viwili vimeshika
kitu ambacho hakijashikwa.

Nikamwambia: hii inajua mambo mawili,
kushika na kuachia.
Katikati ndiko inakoungulia.

Akacheka. Kisha hakucheka.
Moshi ni mji mdogo, tunajuana:
ana nyumba kule juu, imekaa kwenye lenta mwaka wa nne;
ana mtu Njoro, anamwita mchumba mwaka wa sita.
Sikusema kitu. Mimi fundi wa pikipiki.

"Hela ya klachi sina. Irudishe hivyohivyo."
"Nitairudisha. Mwezi ujao utaniletea tena,
utalipa kufungua, utalipa gasketi, utalipa oili.
Yale maji, Evodi, umeshayavulia nguo."
Akazunguka pikipiki mara mbili,
akatazama spana zangu kama zina jibu.
Halafu akamwita Mama Kandida, jirani yangu wa ndizi choma,
wakavutana bei hadi wakachoka.
Mkungu ukashuka.

Sahani mpya haziingizwi kavu.
Tulizilaza kwenye oili safi, zinywe, zisiwe na pupa,
na sisi tukanywa chai.
Mlima ulikuwa umejifunika.
Hatukuwa na haja nao.

Mchana tukaifunga giaboksi ya muuza matikiti,
shafti ikaingia bila nyundo,
na chuma kigeni kikakubali nyumba.
Juu yake klachi: ya kusugua, ya chuma, ya kusugua, ya chuma,
Hatibu anahesabu kwa sauti kama yuko chuoni.
Bolti za springi tukazikaza kwa msalaba,
nusu mzunguko hapa, nusu mzunguko kule.
Hapo tu ndipo nusu inaruhusiwa.

Mkono wa klachi nikauachia nafasi,
unene wa sarafu ya shilingi mia.
"Huo ndio uhuru wake," nikasema.
"Usiule."

Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, ikakohoa.
Ya tatu ikanguruma, moshi mweupe ukapita
kwenye kanga za Mama Kandida, akatutukana vizuri.
Evodi akaingiza moja, akaachia taratibu,
akaondoka wima, hana mzigo, hana hela.
Tukasikia ya pili. Tukasikia ya tatu:
imekaa, haikuruka.

Kisha kule kwenye kona, penye tuta,
injini ikapanda sauti
kuliko mwendo.

Hatibu akanitazama.
Nikamwambia, leta sabuni tunawe.