Nishushe Palipokuwa

Nilisema: Birere, kwa Mupenda, penye kinu.
Motari akanitazama katika kioo chake kilichopasuka.
Kinu gani, mama? Njia hii naipita kila siku,
naona mawe, naona mabati, naona wauza mega.

Jile lake lilikuwa jipya, namba bado inang'aa.
Nikajua huyu mji ameuanza juzi.
Yeye alitaka elfu mbili, mimi nina elfu na mia tano,
mvua ikatupatanisha.
Nikakaza kitenge, nikapanda,
mfuko wa sambaza katikati yetu
kama abiria wa tatu asiyelipa.

Goma haina anwani, nilimwambia sikioni
maana upepo ulikuwa unakula maneno.
Hapa nyumba haina namba. Ina jirani.
Na jirani akihama, tunabaki na jina lake.

Kata kushoto palipokuwa sinema.
Iko wapi sinema?
Iko chini.
Gurudumu lako hili, sasa hivi,
linapita juu ya paa lake,
juu ya viti vya mbao, juu ya yule mzee wa tiketi
aliyetuacha tuingie wawili kwa bei ya mmoja.
(Yeye alitoka. Viti ndivyo vilivyobaki.)
Akapunguza mwendo
kama mtu anayepita mlangoni kwa mgonjwa.
Endesha tu, nikacheka, hawasikii.

Mlima ulishuka mjini siku ya Alhamisi.
Yeye alikuwa hajazaliwa.
Tulirudi mawe yangali na joto,
mama mkwe akateleka maharage juu ya ufa,
yakaiva bila kuni, akasema
angalau wa huko juu wamelipa kodi.

Kwenye rompuani polisi wa rulaji akainua mkono.
Motari akatoa noti iliyokunjwa mara nne
kabla hata hajaulizwa kitu.
Hilo mji ulikuwa umeshamfundisha.

Unaitwa nani? Bakungu.
Na kwenu, Bakungu, mtu anaelekezwaje?

Kwetu?
Akazibana breki, tukaruka shimo.
Kwetu ni juu, upande wa Masisi. Unashuka
penye daraja la magogo, hapo usiulize mtu,
fuata harufu ya jibini.
Utaona kilima kimekatwa kama mkate,
ng'ombe wa Ruhara wamesimama upande mmoja.
Ukisikia kengele ya shule, umefika.
Si kengele kweli, ni rimu ya lori,
tulikuwa tunaigonga kwa nondo.

Kisha hakusema.
Lori la makaa likatupita, vumbi, tope, matusi.
Nikauliza, najua nisingeuliza: iko bado?

Rimu iko, nadhani.
Chuma hakina haraka ya kuungua.

Tulikwenda hivyo, sambaza wakinuka,
mimi nikimwongoza juu ya mji ulio chini,
yeye akiendesha, na nyuma ya kofia yake
kilima kile, nusu mkate, bila ng'ombe.

Hapa?
Hapa.
Palikuwa na ukuta wa mawe meusi
na binti anayeuza vocha chini ya mwavuli wa manjano.
Bakungu akautazama ukuta kwa muda mrefu
kuliko unavyostahili.
Kilikuwa kinasaga nini?
Muhogo asubuhi. Mahindi jioni. Jumapili kimya.
Muhogo asubuhi, akarudia,
midomo ikienda kama ya mtu anayehesabu chenji.

Nilimlipa. Noti moja ilikuwa imeshonwa kwa selotepu,
akaigeuza, akaipokea.

Sijafika mlangoni, mwanamume mwenye godoro kichwani
akamsimamisha, akataja fasi fulani, sikuisikia vizuri.
Nilimsikia Bakungu tu, akikanyaga gia, akiuliza
kwa sauti ya mwenyeji aliyechoka na maswali:
ni kabla ya sinema, au baada?