Amina ya Nyuma

Ukumbi wa madrasa, Langoni, Amu: kuta za matumbawe, nene.
Spika mbili zimepigiliwa juu, zatazama safu ya mbele tu.
Wa mbele waziba masikio.
Nyuma, penye ngazi, hufika mvumo, kama nyuki ndani ya mtungi,
na Bi Tima huitika "amina" wenzake wakishanyamaza.

Leo Lali Famau kazing'oa.
Kazipa miguu ya chuma, magurudumu ya kitanda cha hospitali.
Asukuma moja hadi mlangoni, ainamisha shingo yake upana wa kidole,
arudi, aketi sakafuni kando ya Bi Tima, asikiliza.
Bado.
Kidole kingine.

Dua yaanza.
Bi Tima, mkono sikioni kwa mazoea,
aushusha.
Safari hii
amina yake yatangulia.