Alama ya Kutoa

Orodha ilichapwa mama yangu hajazaliwa.
Kurasa mia nne na sita, jalada limeonjwa na mchwa,
inanukia kabati la sakristia.
Nalipwa kuivunjavunja:
jenasi safu hii, spishi ile,
aliyempa samaki jina, mwaka wa kumpa,
na mabano, kama yapo, yasidondoke njiani,
kwani mabano nayo yana neno:
huyu aliwahi kuhamishwa ukoo.

Skana huisoma kabla yangu, na ina macho ya mlevi.
Ikiona r na n zimekaribiana, inaziozesha, zinakuwa m.
Jumatatu ilinizalia konokono
asiyekuwemo ziwani wala popote pengine,
konokono wa wino mtupu.
Aliishi siku tatu katika mstari wa tisini
mpaka Dafroza alipomulika ukurasa kwa tochi ya simu.
"Uchafu wa nzi huu, dada. Futa."
Nikafuta,
na chai ya saa nne haikunipitia vizuri.

Gwimo, msimamizi wetu, ana ugomvi na sifuri.
"Pasipojulikana, acheni wazi. Sifuri ni jibu!
Ukiandika kina sifuri umemtupa samaki ufukweni."
Mkusanyaji: mvuvi wa Ujiji.
Jina lake hawakuliuliza, au waliliuliza
likawa refu kwa kalamu yao.
Vidole vyangu vilitaka kumtungia moja.
Nikaacha wazi.

Safu ya majina ya kienyeji kitabuni ina vumbi tu,
basi jioni nikaishusha Kibirizi kwenye daftari.
Mama alikuwa anageuza dagaa, mgongo kwangu.
"Mgebuka," akasema. "Wa Bujumbura wanamwita mukeke.
Na mdogo wake andika peke yake, ana jina lake."
Nikamwambia kitabu kinasema ni samaki yule yule.
"Kina bei yake tofauti," akanijibu,
"hicho kitabu kimewahi kununua?"

Ijumaa tukafungua ramani.
Jamani.
Samaki wetu wote, mia tatu na kumi na wawili,
wametua nchi kavu, Sudani Kusini,
nukta nyekundu zimetapakaa vichakani
kama walioshushwa kwenye lori usiku.
Gwimo akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.
Nne nukta tisa. Nne nukta tisa. Safu nzima
haina alama ya kutoa mbele yake,
kistari kifupi kuliko mwiba wa dagaa,
kinachosema: kusini mwa Ikweta, nyumbani.

Nikakiweka.
Shuleni tulifundishwa kuwa alama hiyo hupunguza;
siku ile ilitoa kama mtu anavyotoa sadaka,
mkono mmoja, bila kelele,
samaki mia tatu na kumi na mmoja
wakaingia Tanganyika kwa mpigo.

Mmoja alishuka nao kusini, akapitiliza mashariki,
akakaa Tabora.
Nikahesabu tarakimu upya. Nikamlaumu nzi.
Nikalamba kidole, nikafunua ukurasa wa mia mbili kumi na tisa,
na pale, kwa herufi ndogo za chini:
*amenunuliwa sokoni Tabora, mkavu, ameletwa kwa treni.*

Kumbe yuko sawa.
Kumbe kuna aliyemkausha huku, pengine Kibirizi hii hii,
akamfunga kwenye kikapu, akamkatia njia ya reli,
na msomi mmoja aliyekuwa akingoja behewa
akamnunua, akampima mkia badala ya kumpika.

Nilimsimulia mama. Alisikiliza mpaka mwisho,
mikono imejaa magamba.
"Alimnunua shilingi ngapi?"

Safu hiyo hatuna.
Nilirudi kutazama maelezo, mstari kwa mstari,
hakuna.
Nikamwambia, mama, hapo
pameachwa wazi.