Deni la Chokaa

Nyumba yetu ya Mikindani ni ya matumbawe.
Lipu ilipobanduka karibu na dirisha
nilizoea kutia kidole kwenye vitundu vya nyota,
nikidhani fundi ndiye aliyevichonga.

Baba, Shaweji Nalinga, alichoma chokaa.
Maji yakitoka, anashuka na mtaimbo,
anarudi na mawe yanayochuruzika, yananuka uhai,
kaa wadogo bado wanahangaika ndani.
Anayapanga juu ya magogo ya mkoko, duara,
kama mtu anayemtandikia mgeni kitanda.
Moto siku mbili. Alfajiri ya tatu mwamba ni unga.
Kwa unga huo nilivishwa sare, nikalipiwa ada.
Sisemi haya kumwaibisha. Nasema tulikula.

Wengine hawakutaka mtaimbo. Walikuwa na chupa na utambi.
Mlio ulitikisa sufuria kabatini,
na mama husema, "Huyo keshavuna mpaka mbegu."

Kisha mwaka ule bahari ikapata homa.
Maji ya vuguvugu, ya kumkandia mzazi,
wiki ya kwanza, ya pili, ya sita.
Nikazama na miwani ya kuazima,
nikakuta mwamba mzima mweupe.
Weupe ule naujua. Ni wa tanuri la baba,
ila safari hii hapakuwa na moshi
wala mtu wa kumnyooshea kidole mtaani.

Sasa nina sahani za saruji mia na ishirini,
kila moja na namba yake, na juu yake kipande
cha tumbawe hai, urefu wa kidole gumba,
nimekifunga kwa waya hukohuko chini.
Nasugua mwani kwa mswaki. Mswaki wa meno, ndiyo.
Watoto wa Bi Somoe wananiita daktari wa meno ya bahari.

Bi Somoe mwenyewe hacheki. Tulipokutana kuamua
kufunga mwamba, pweza waachwe miezi mitatu,
alisimama na kijiti chake cha kuchokolea:
"Mwamba ukienda likizo, mimi nile nini?"
Hakuna aliyemjibu. Mimi pia sikuwa na jibu.
Tukafunga nusu tu, upande wa kaskazini.
Siku ya kufungua alibeba pweza wa kilo nne begani,
akapita mlangoni kwangu polepole, makusudi, bila salamu.

Yanakua taratibu kuliko ukucha.
Sahani ya arobaini na moja imepotea;
waya wake nimeuona umekaza mlango wa dema la jirani.
Sikusema kitu. Nimekata mwingine.

Na saruji, nilikuja kuambiwa, nayo ina chokaa,
mawe yaliyopita motoni.
Basi narudisha kidogokidogo alichochukua baba,
kwa unga uleule, kwa mikono inayofanana na yake.

Jana, kwenye matawi ya namba tisa,
samaki mmoja, mdogo kama ua la mkorosho,
aliingia, akatoka, akaingia tena,
kama mpangaji anayekagua chumba
kabla ya kuuliza kodi.