Mbili na Nusu

Pale Kitete walinipa kadi yenye herufi E zinazogeukageuka
kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.
"Hii inatazama wapi?"
Nikasema kushoto. Kumbe juu.
Nikacheka peke yangu,
mimi Nyamizi wa Isevya,
ninayeunga nyaya nyembamba kuliko unywele wa kichanga.
Daktari hakucheka. Akaandika: mbili na nusu, za karibu.
Fremu ya plastiki, rangi ya asali ya Sikonge,
elfu kumi na tano, kasha unajinunulia.

Miaka kumi na moja nabadilisha vioo vya watu
kwenye meza yangu nyuma ya stesheni.
Kilichotumbukia chooni. Kilichokaliwa na shangazi.
Kimoja mwenyewe aliapa kilijipasukia usiku chenyewe,
mkewe pembeni akakazia macho viatu vyake.
Siulizi.
Anayetaka kioo kipya hataki shahidi.

Alhamisi akaja Nkwabi, mpakia magunia ya tumbaku,
simu imepasuka utando mzima wa buibui.
"Kupiga sitaki, kupigiwa sitaki.
Kuna video ya mdogo wangu akienda Mpanda.
Siku ile sikumwona, dada.
Nilikuwa nashika simu."

Nikavaa mbili na nusu.
Nikapasha kioo moto, nikakibandua, nikafuta gundi
(Mungu wangu, vumbi lote hili lilikuwa hapa siku zote?),
nikabandika kipya, nikawasha.
Fundi lazima ajaribu. Nikabonyeza.

Behewa. Dirisha. Mkono unapunga.
Jua limemwagikia kioo cha dirisha,
pale penye uso pana weupe tu.
"Ndiye huyo," akasema Nkwabi. "Ndiye."

Na kule pembeni, mahali ambapo hakuna aliyepakusudia,
mwavuli wa njano wenye ubavu uliovunjika,
meza,
mwanamke kainama ndani ya kitenge changu cha kasuku.
Treni yote inampita,
mama mmoja anakimbia na kidumu kichwani, chenji mkononi,
watoto wanapiga kelele za kupasua koo,
honi inalia mpaka spika ya simu inakwaruza,
na yule mwanamke hainui kichwa.
Nikairudisha nyuma. Hainui.
Nikairudisha tena,
labda mara ya tatu ataona haya.
Macho hayana pazia, walisema.
Walisahau kuuliza kama yana mwenyewe.

"Bei gani?"
"Thelathini."
"Si tulisema thelathini na tano?"
"Thelathini, Nkwabi. Nenda."

Jioni honi ikalia, ya Kigoma, imechelewa saa nne.
Nikainuka na miwani yangu,
nikaona uji: behewa uji, watu uji, mbingu uji wa ulezi.
Za karibu ni za karibu.
Nikazipandisha kwenye paji la uso
na dunia ikarudi mahali pake, kubwa, na kucha zake.

Dirisha la tatu kijana alikuwa ameinua simu,
anatuchukua sote, stesheni na mbwa wake.
Sikujua mikono niiweke wapi.
Bisibisi bado ilikuwa vidoleni.
Nikapunga nayo.